Muda wa Dhamana Usifute Haki ya Mnunuzi

Ipo kasoro moja ya magari ambayo watu wengi huipuuza kwa kuwa huonekana ni ndogo, nayo ni kuzimika kwa taa za dashibodi. Injini huwaka vizuri, taa kubwa humulika njia, lakini mbele ya dereva, pale penye mita ya mwendo, kipimo cha mafuta na kipimo cha joto la injini, huwa giza tupu. Fundi hugusa waya hapa na pale, taa zikawaka, mwenye gari akashukuru na kwenda zake. Baada ya wiki mbili giza hurudi. Gari hupelekwa tena, hutengenezwa tena, na kasoro ile ile hurejea. Mwishowe huja siku ambayo mwenye gari huambiwa kwamba muda wa dhamana umekwisha, na kuanzia sasa kila shilingi itatoka mfukoni mwake.

Sisi tunasema kwamba jambo hilo si la haki. Kasoro iliyotajwa kwa mwuzaji wakati dhamana ingali hai, ikatengenezwa na kisha ikarudi, si kasoro mpya. Ni deni la zamani ambalo halijalipwa. Tarehe iliyoandikwa katika karatasi ya dhamana haiwezi kuligeuza deni la mwuzaji likawa mzigo wa mnunuzi. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni, wala hawakuongeza kwamba deni hufutika likicheleweshwa vya kutosha.

Tunalizungumza jambo hili leo kwa kuwa linawagusa sana watumishi wa umma na ndugu zetu wa visiwani ambao kazi imewapandisha Dodoma. Uamuzi wa kuufanya mji huo kuwa makao makuu ya nchi ulifanywa mwaka 1973. Kwa miaka mingi uamuzi huo ulitekelezwa kwa mwendo wa taratibu, hadi Rais John Magufuli alipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba Serikali itahamia huko kwa vitendo. Leo wizara zipo katika Mji wa Serikali wa Mtumba, Bunge la Muungano lipo Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina vijana kutoka Unguja na Pemba kama kilivyo na vijana wa mikoa mingine. Wabunge wa majimbo ya visiwani, pamoja na wale watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi, hupanda huko kila Bunge linapokutana. Mtu wa Wete au wa Makunduchi aliyeajiriwa katika wizara ya Muungano sasa ana makazi mawili, na aghalabu ana gari moja linalotakiwa kuyaunganisha.

Ni kweli kwamba tangu reli ya kisasa ilipofika Dodoma mwaka 2024 wasafiri wengi wameiacha barabara, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini reli haifiki Kondoa, wala haimfikishi mtumishi katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Mpwapwa anakokwenda kukagua shule, visima na zahanati. Gari bado ni chombo cha kazi katika uwanda huu wa kati, na barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, yenye urefu wa kilomita zipatazo 450, ingali na msongamano wa malori na mabasi usiku na mchana.

Sasa na tuulize: je, ni kweli kwamba kasoro ya taa za dashibodi ni ndogo? Nchi yetu ipo karibu na ikweta, na jua likishazama kiza huingia upesi. Dereva aliyetoka pwani mchana akifika Gairo au Kibaigwa huwa tayari usiku umemkuta. Sheria inamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa anapopita penye makazi, na gari kubwa au la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Linalokwenda kilomita 50 hupita mita 14 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto anayevuka barabara atapona au hatapona. Mabasi ya abiria hufuatiliwa mwendo wake kwa vifaa vya LATRA, lakini dereva wa gari binafsi hana msaidizi mwingine ila mita iliyo mbele yake. Mita hiyo ikiwa gizani, yeye hukisia tu, na baada ya saa nyingi za safari jicho hulizoea kasi likaiona kuwa ndogo kuliko ilivyo.

Tena ipo hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Katika magari mengi ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu, taa za dashibodi huwashwa kwa swichi ile ile inayowasha taa ndogo za nyuma, na katika baadhi ya magari hayo taa hizo zote hulindwa na fyuzi moja. Kwa hiyo dereva anayeona giza mbele yake huenda hana mwanga nyuma pia, wala hajui. Lori linalomfuata huliona gari lake likiwa karibu mno. Ndiyo maana tunasema kwamba mwenye gari akiona dashibodi imezimika, jambo la kwanza ni kusimama mahali pa salama na kuzitazama taa za nyuma, si kuendelea na safari huku akimulika mita kwa tochi ya simu.

Yafaa pia tueleze kwa nini kasoro hii hupenda kurudi, maana hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Katika magari ya zamani taa za dashibodi zilikuwa balbu ndogo zilizochomekwa nyuma ya mita, na balbu ikiungua hubadilishwa kwa fedha kidogo. Katika magari mengi ya sasa taa hizo ni vijitaa vidogo vilivyounganishwa kwa risasi ya kulehemu juu ya kibao cha umeme. Kiungo cha risasi kikipata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, umeme hupita leo na kukatika kesho. Gari likitikisika, taa huwaka, likipoa, huzimika. Fundi asiyefungua mita na kukitafuta kiungo hicho anaweza kubadilisha fyuzi, kukaza soketi na kusafisha waya, kisha taa zikawaka mbele ya macho yake kwa sababu tu amekitikisa kibao. Amewasha taa, lakini kasoro ingali pale pale.

Hali ya hewa ya uwanda wa kati huuzidisha ugonjwa huo. Dodoma ipo katika kimo cha zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi usiku huwa na baridi, na mchana gari lililoegeshwa juani hupata joto kali, hasa juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele. Chuma na plastiki hutanuka mchana na kusinyaa usiku, siku baada ya siku, na kiungo dhaifu huzidi kufunguka. Juu ya hayo yapo mavumbi ya miezi mingi isiyo na mvua, pamoja na mitikisiko ya barabara za vijijini. Na gari lililokaa kwanza visiwani huja na lake, maana hewa ya chumvi hula ncha za waya na soketi taratibu. Gari la namna hiyo likipandishwa Dodoma hukutana na joto, baridi na vumbi huku viungo vyake vimekwisha kudhoofika.

Wauzaji wana hoja zao, na haki inatutaka tuzisikilize. Husema kwamba wenye magari huyapeleka kwa mafundi wa mitaani kufunga redio, king'ora au taa za urembo, na waya hukatwa na kuunganishwa ovyo. Kisha mambo yakiharibika, mwuzaji ndiye anayelaumiwa. Husema pia kwamba gari lililotumika miaka kumi Japani haliwezi kudaiwa kama gari jipya, na kwamba dhamana isiyokuwa na mwisho ingepandisha bei ya magari yote. Hoja hizo zina ukweli. Mtu aliyeyakata mwenyewe mawaya ya gari lake hana haki ya kumpelekea mwingine hesabu. Na aliyenunua gari kuukuu kwa masharti ya kulichukua kama lilivyo, naye amelikagua akaridhika, hana budi kuvumilia uchakavu wa kawaida.

Lakini hoja hizo hazijibu swali letu. Sisi hatuombi dhamana ya milele. Tunazungumzia kasoro ambayo mwuzaji mwenyewe aliipokea, akaikubali, akaitengeneza kwa jina la dhamana, na haikupona. Kwa kuipokea alikubali kwamba ni yake. Ikiwa matengenezo yake hayakufika kwenye kiini cha ubovu, kwa nini muda uliopotea katika matengenezo hayo uhesabiwe dhidi ya mnunuzi? Utaratibu wa namna hiyo humpa mwuzaji asiye mwema faida ya kutengeneza vibaya, kwa maana kila safari ya bure kwenda gereji husogeza karibu ile tarehe atakayoweza kufunga mlango.

Sheria zetu hazikukaa kimya juu ya jambo hili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania Bara, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe ya ubora unaofaa kuuzwa, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameitaja. Sharti hilo lipo hata kama halikuandikwa katika risiti, ingawa sheria huruhusu pande mbili kukubaliana vingine. Ndiyo sababu maneno yaliyoandikwa kwa herufi ndogo yasomwe kabla ya kutia sahihi. Aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuifichua. Lakini ufa uliojificha ndani ya mita, ambao hata fundi huutafuta kwa shida, si kasoro ya kuonekana dukani. Tena Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa kwa kawaida miaka sita ya kufungua madai yatokanayo na mkataba. Kwa hiyo karatasi ya dhamana ni haki moja na sheria ya nchi ni haki nyingine. Ya kwanza inapokwisha, ya pili huenda ingali hai.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake haiishii katika kuzuia makampuni kula njama za bei, bali inahusu pia kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu na masharti ya ukandamizaji. Kwa upande wa Zanzibar, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mwaka 2018 sheria ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, nayo ina Tume yake. Hizi ni hatua njema, na tunawapongeza waliozifanya.

Hata hivyo, ndugu zetu wa visiwani wamebaki katika mwanya uliopo kati ya sheria hizo mbili. Tuchukue mfano wa mtumishi wa Pemba anayenunua gari Dar es Salaam, akalitumia Dodoma, na kulivusha Unguja wakati wa likizo. Kasoro inaanza Dodoma. Mwuzaji yupo pwani, na fundi aliyeidhinishwa na mwuzaji yupo huko huko. Akirudi nyumbani kwa likizo na kulalamika, Tume ya Zanzibar haina mamlaka juu ya duka la Dar es Salaam. Na ile ya Bara sheria yake ni ya Bara. Kila safari ya kwenda kudai haki ni nauli, mafuta na siku za kazi zilizopotea. Mtu huyo akipiga hesabu, huona ni nafuu kununua mita kuukuu na kunyamaza. Haki inayogharimu zaidi ya kitu kinachodaiwa haimfai mtu wa kawaida.

Wenzetu wa nje wameliona tatizo hili na kulichukulia hatua. Waingereza, ambao sheria yao ya zamani ndiyo iliyokuwa mfano wa yetu, walitunga mwaka 2015 sheria ya haki za walaji. Sheria hiyo inasema kwamba kasoro ikionekana katika miezi sita ya mwanzo huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo, mpaka mwuzaji athibitishe vingine. Na kwamba matengenezo yakishindwa mara moja tu, mnunuzi anaweza kudai apunguziwe bei au kulirudisha gari. Huko Marekani, kampuni ya General Motors, baada ya malalamiko mengi na shauri mahakamani kuhusu mita za baadhi ya magari yake ya mwaka 2003 na 2004, iliongeza muda wa kuzitengeneza hadi kufikia miaka 7 au maili 70,000. Kumbe muda wa dhamana si sheria ya maumbile isiyobadilika. Wanadamu waliouweka wanaweza kuuongeza pale haki inapotaka hivyo.

Kwa Serikali jambo hili lina uzito wa pekee, maana Serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa wa magari. Magari yake ya Bara hununuliwa kupitia Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini na kutengenezwa kwa utaratibu wa TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005. Na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ina magari yake. Gari la umma linalorudishwa gereji mara nne kwa kasoro moja hulipiwa na mwananchi mara nne. Tunashauri kwamba mikataba yote ya ununuzi wa magari ya umma iwe na kifungu kinachosema wazi kwamba kasoro iliyoripotiwa ndani ya muda wa dhamana itabaki juu ya mwuzaji mpaka itakapopona, na kwamba sehemu iliyobadilishwa itaanza dhamana yake mpya tangu siku ya kubadilishwa. Mnunuzi mkubwa akilipata sharti hilo, haitakuwa vigumu mnunuzi mdogo kulipata pia.

Tunazishauri Tume mbili za Bara na Visiwani zikae pamoja na kukubaliana njia ya kupokea na kupelekeana malalamiko, ili mwananchi aweze kuwasilisha madai yake pale alipo, iwe Dodoma au Chake Chake, na karatasi ndiyo isafiri badala yake. Tunalishauri Jeshi la Polisi, katika ukaguzi wa magari wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, litazame pia kama mita ya mwendo inasomeka usiku. Na wauzaji tunawaomba wawe na mafundi walioidhinishwa Dodoma, si pwani peke yake, kwa kuwa wateja wao wengi wamekwisha kuhamia huko.

Lakini mwananchi naye ana wajibu wake. Methali yetu inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kasoro inapoonekana mara ya kwanza, iripotiwe kwa maandishi kabla dhamana haijaisha, hata kama taa zimewaka zenyewe asubuhi yake. Simu haitoshi. Kila mara gari linapopelekwa gereji, idaiwe karatasi yenye tarehe, kilomita zilizosomeka, kasoro iliyoelezwa na kazi iliyofanywa. Taa zikizimika, zipigwe picha. Kifaa kilichotolewa kiombwe na kuhifadhiwa. Mita nzima ikibadilishwa, kilomita za mita ya zamani na za mpya ziandikwe na kutiwa sahihi, maana katika magari mengi hesabu ya kilomita hutunzwa humo humo, na asiyekuwa na maandishi anaweza kesho kudhaniwa ameipunguza kwa udanganyifu.

Kama dhamana imekwisha kweli na hakuna ripoti ya zamani, bado yapo mambo ya kufanya kabla ya kununua mita nyingine. Fundi aanze na vitu rahisi: swichi ya kupunguza mwanga, ambayo mara nyingine imeshushwa tu bila kujua, kisha fyuzi, soketi, na waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiasi kile kile, wala isiwekwe kubwa zaidi au kipande cha waya, kwani hapo ndipo moto huanzia. Hayo yote yakiwa mazima, mita ifunguliwe na viungo vyake vilehemiwe upya na fundi wa vyombo vya umeme anayeijua kazi hiyo. Aghalabu kulehemu kiungo kimoja ni nafuu kuliko kununua mita kuukuu ambayo huenda ina ufa ule ule.

Tunayasema haya tukijua kwamba nchi ina mambo makubwa zaidi ya taa za dashibodi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwananchi hupima uzito wa sheria za nchi yake kwa mambo madogo yanayomkuta kila siku: risiti aliyopewa, ahadi aliyoandikiwa, na jinsi anavyopokewa anaporudi kudai ahadi hiyo. Akifukuzwa kwa sababu ya tarehe, ilhali kasoro aliitaja mapema na karatasi anazo mkononi, atajifunza kwamba karatasi hazina maana. Hilo ni somo baya katika nchi inayotaka biashara yake istawi. Wahusika wa Bara na wa Visiwani wanayo mamlaka ya kulizuia, na kifungu kimoja katika mkataba kinatosha kuwa mwanzo.